Neno la Mungu kwa Bei ya Dakika

Redio ya kibiashara huuza bidhaa moja tu: masikio ya wasikilizaji wake. Muziki huyakusanya, matangazo huyalipia. Nchini Kenya biashara hii iliingia mikononi mwa watu binafsi mwaka 1996, Capital FM ilipoingia hewani Nairobi na kuvunja ukiritimba wa KBC, shirika la utangazaji la taifa. X FM, iliyojitolea kupiga muziki wa roki pekee, nayo ilikuwa ya Nairobi. Magharibi, West FM ya Bungoma na Mulembe FM zilitafuta soko kwa benga, rumba, nyimbo za injili na lugha za nyumbani.

Huko huko magharibi, Sio Port kwenye Ziwa Victoria, Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, na mawimbi ya FM hayapiti forodhani. Mwanamke anayeanika omena juu ya nyavu kuukuu mchangani anaweza kuwa na kabambe, simu ndogo ya bei nafuu, kwenye fundo la leso, waya wa masikioni ukiwa ndio antena. Akisogeza stesheni kidogo, anatoka Kenya na kuingia Uganda. Akitulia kwenye stesheni moja, anapata mahubiri, kisha tangazo la kamari, kisha wimbo. Mahubiri hayo mara nyingi yamelipiwa, kama lilivyolipiwa tangazo.

Je, neno takatifu likinunuliwa dakika linabaki takatifu? Matendo ya Mitume, sura ya 8, yanamtaja Simoni mchawi aliyetaka kuwapa mitume fedha ili apewe uwezo wa Roho, naye Petro akamkemea. Kurani nayo, katika Al-Baqara aya ya 41, inakataza kuziuza aya za Mungu kwa thamani ndogo. Immanuel Kant, mwaka 1785, alitenganisha chenye bei na chenye hadhi: cha kwanza hubadilishwa na kingine, cha pili hakina badala.

Hata hivyo hoja hizo hazilaani kila malipo. Nyaraka za Paulo zilihitaji wino na wasafiri, na kipaza sauti cha msikiti kinakula umeme. Kulipia usafirishaji si kulipia neema. Tatizo huanza pale mhubiri anapolazimika kurudisha gharama ya saa aliyoinunua: namba ya M-Pesa hutajwa, na baraka hupangiwa viwango. Hapo Simoni amerudi, safari hii akiwa muuzaji.

Wenye stesheni hujitetea kuwa wao ni wachukuzi tu, kama mwendesha boda-boda asiyeuliza kilichomo ndani ya gunia. Utetezi huo ni dhaifu. Stesheni imelifungua gunia: inakijua kipindi, imekipangia saa na imekitoza ada. Ibara ya 34 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda uhuru wa vyombo vya habari, na ni vyema serikali isiwe hakimu wa imani. Lakini uhuru wa kutangaza ni pia uhuru wa kukataa mteja.

Redio za kidini, kama Radio Waumini ya Wakatoliki au Iqra FM ya Waislamu, nazo huhitaji fedha, ila msikilizaji anajua ameingia nyumba ya nani. Redio ya kibiashara inayopokea ada ya mahubiri inawiwa na msikilizaji tangazo la wazi, kabla ya sala ya kwanza, kwamba kipindi kimelipiwa. Na muujiza wenye bei haustahili kuuziwa hata dakika moja.