Kilicholowa Kiweke Juu

Wazee wangu mlio safu ya mbele, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na viatu ili mtoke haraka, nisikilizeni Ijumaa hii.

Leo nina deni, na nalilipa hapahapa nilipolikopa. Wengine mnakumbuka. Ilikuwa Desemba 2009, baada ya swala, nikasimama mahali hapa nikakwambieni kwamba wale wataalamu wa Ulaya wanaosema dunia inazidi kupata joto wameumbuka, barua zao za siri zimevuja, kumbe hesabu zote ni za kupika. Nilisema kwa furaha na mkanipokea kwa furaha. Tulipotoka, mzee mmoja, Mungu amrehemu, akiwa bado anatafuta ndara yake pale mlangoni, akaniuliza: "Sheikh, hizo barua umezisoma?" Nikacheka, nikampa mkono, nikaenda zangu. Sikuwa nimezisoma. Nilikuwa nimesikia vipande redioni, nikatia chumvi.

Na aya ya 6 ya Suratul Hujurat nimeihifadhi tangu chuoni, na watoto wenu nimewasomesha. Inatuamrisha tukiletewa habari na asiyeaminika tuihakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukaamka na majuto. Siku ile haikunijia kabisa. Habari ilikuwa imenipendeza mno kuihakikisha.

Basi nikupeni kisa kama nilivyokuja kukijua baadaye, kwa kukifuata taratibu.

Mashariki mwa Uingereza kuna mji uitwao Norwich, na hapo pana chuo kikuu cha East Anglia chenye kitengo cha utafiti wa tabianchi. Kazi yao moja kubwa ni kukusanya vipimo vya joto kutoka vituo maelfu duniani, vingine vya tangu karne ya 19, na kuvilinganisha ili ijulikane dunia inapoa au inapata joto. Mkuu wa kitengo alikuwa Phil Jones. Watu wa nje wakaanza kumwomba takwimu ghafi, yaani zile tarakimu zenyewe za kila kituo kabla hazijachambuliwa. Baadhi yao walitaka kweli kukagua hesabu, na wengine walitaka kukorofisha tu. Jones akachoka. Mwaka 2005 alimjibu mmoja wao, kwa maana yake, kwamba haoni sababu ya kumpa takwimu mtu ambaye shabaha yake ni kutafuta kasoro. Mwaka 2008 alimwandikia mwenzake afute barua pepe fulani. Julai 2009 yakamiminika maombi karibu 60 ndani ya wiki moja, chini ya sheria yao ya haki ya kupata taarifa, na mengi yakakataliwa.

Nisimdhulumu. Alikuwa na udhuru mmoja wa kweli: sehemu ya takwimu zile alipewa na idara za hali ya hewa za nchi mbalimbali kwa sharti la kutozigawa, maana idara nyingi huuza takwimu zao. Lakini udhuru ule ulichanganyika na ukaidi, na mtu wa nje hawezi kupambanua upi ni upi.

Novemba 2009 mdukuzi akaingia kwenye kompyuta zao, akachota barua pepe zaidi ya 1,000 na kuzimwaga kwenye intaneti, wiki chache tu kabla ya mkutano mkuu wa tabianchi wa Copenhagen. Polisi walifunga jalada mwaka 2012 bila kumjua ni nani. Ndani ya barua hizo lilikuwamo neno moja la Kiingereza lililozunguka dunia nzima, neno ambalo kwa Kiswahili tungesema "ujanja". Nanyi mnajua ujanja una sura mbili. Tapeli ana ujanja wake. Lakini fundi naye akikwambia kuna ujanja wa kufungua nati iliyoshika kutu, humkamati ukampeleka polisi. Mimi siku ile nilikutafsirieni ujanja wa tapeli. Aliyeandika alikusudia wa fundi.

Hata hivyo, na hapa sikilizeni vizuri, kilichofanywa na huo ujanja hakikuwa safi chote. Wataalamu hawa husoma joto la karne zilizopita, kabla ya kipimajoto kuwapo, kwa kupima pete zilizomo ndani ya shina la mti. Baadhi ya miti ya kaskazini, kuanzia miaka ya 1960 hivi, iliacha kwenda sambamba na vipimajoto: joto likipanda, pete hazisemi hivyo. Ni jambo la kutatiza, na wenyewe walikuwa wamekwisha kuliandika wazi kwenye majarida yao. Lakini katika mchoro uliopamba jalada la taarifa ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ya mwaka 1999, sehemu ile ya pete ilikatwa, pakaungwa vipimo vya vipimajoto, mstari ukapanda vizuri, na mtazamaji hakuelezwa.

Nataka sasa niwapeleke soko la Madina. Imepokewa na Abu Hurayra, nayo imo katika Sahih Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye bidhaa kulikoni. Yule akasema ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona, kisha akasema kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Hadithi hii tumezoea kuisoma kwa wauza mchele. Wenye maduka ya nafaka humu ndani mnayo bambo; mnaichoma kwenye gunia, inatoka na punje za katikati, mnajua palepale kama mmeuziwa uso wa gunia au gunia lenyewe. Basi mwenye kuomba takwimu ghafi anaomba kuchoma bambo, hana zaidi. Muuzaji mwaminifu hukasirika kwa nini? Anaweza kukasirika kwa sababu wachoma bambo ni 60 kwa wiki na wengine wanataka kupasua gunia tu. Nalielewa hilo. Lakini gunia lipo sokoni, na chakula ni cha watu.

Mtume hakumwambia yule bwana atupe nafaka iliyolowa. Nafaka iliyolowa ni nafaka, ina bei yake. Mnunuzi akiiona ataamua. Pete za miti zisizokubaliana na kipimajoto zingewekwa pale jaladani zikaonekana, na maelezo pembeni kwamba hapa hatujaelewa, hazingeua elimu yao. Na tena, ambalo mimi sikuwahi kulitazama miaka yote hiyo ya kuisomesha hadithi hii: Mtume hakutangaza sokoni kwamba rundo lote limeoza. Aligusa maji, akasema juu ya maji. Mimi niligusa maji nikapiga kelele kwamba hakuna hata punje moja nzima.

Baadaye zikaundwa tume. Bunge la Uingereza likachunguza, na tume iliyoongozwa na Muir Russell ikatoa ripoti yake Julai 2010. Ilisema uaminifu wa wataalamu wale katika kazi yao hauna shaka. Ikasema pia kwamba walishindwa mara kwa mara kuwa wawazi inavyotakiwa, na kwamba mchoro ule wa jalada ulikuwa unapotosha. Lakini kilichonipendeza zaidi ni walichokifanya wajumbe wa tume kwa mikono yao. Walichukua vipimo vya vituo vilivyokuwa tayari wazi kwa umma, wakaandika programu yao wenyewe, wakapiga hesabu upya bila kuwategemea watu wa Norwich. Kazi ya chini ya siku mbili. Mstari ukatoka uleule, joto linapanda.

Siku mbili! Na dunia ilikuwa imetukanana miezi minane. Jones alijiweka kando kwa muda, akapokea vitisho vya kuuawa. Mwaka 2011 takwimu za vituo vyao zaidi ya 5,000 zikafunguliwa karibu zote, na hakukutoka humo nyoka wala nge.

Mtu atauliza, kama hakuwa na cha kuficha, kosa lake nini? Jibu langu ni Bibi Safiya. Mtume alikuwa katika itikafu, mkewe Safiya akamtembelea usiku, akatoka kumsindikiza. Wakapita Ansari wawili, walipomwona wakaharakisha. Akawaita wasimame, akawaambia huyu ni Safiya. Wakashangaa, nani angemdhania Mtume vibaya? Akawaambia kwamba shetani hupita katika mwanadamu kama ipitavyo damu, akachelea asije akatia jambo mioyoni mwao. Yule ambaye hakuwa na haja ya kujieleza ndiye aliyejieleza, tena kwa watu wasiomuuliza. Sasa profesa ni nani? Na sheikh ni nani, akiulizwa mlangoni na mzee mwenye ndara moja?

Sisi tungepaswa kulijua hili kuliko watu wote. Elimu ya hadithi imesimama juu ya swali la kukera: umesikia kwa nani, na huyo alisikia kwa nani? Maulamaa waliandika mijalada juu ya wapokezi, nani ana hifadhi nzuri, nani kumbukumbu zake ziliharibika uzeeni. Hawakuwa wakiwatusi. Na kila mwandamo wa Ramadhani anayekuja kusema ameuona mwezi tunamuuliza aliuona wapi, saa ngapi, ulielekea wapi. Tunauliza ili tufunge. Atakayeuliza ili asifunge, huyo hata ukimletea mashahidi kumi ataomba wa kumi na moja.

Na hili la kuuliza ili ufunge linanileta kwa mtu wa pili, Richard Muller, mwanafizikia wa California. Yeye alikuwa miongoni mwa waliotilia shaka hesabu za Norwich. Akasema basi nitahesabu mwenyewe. Akakusanya wenzake, akachukua vipimo kutoka vituo zaidi ya 36,000, na sehemu ya fedha ilitoka kwenye mfuko wa hisani wa Charles Koch, tajiri wa mafuta, ambaye hakuna wa kumshuku kwamba alitaka dunia iache mafuta. Mwaka 2011 wakatoa matokeo: waliotangulia walikuwa sahihi. Mwaka 2012 Muller akaandika gazetini, jina lake likiwa juu, kwamba amebadilika. Joto la nchi kavu limepanda nyuzi moja na nusu za selsiasi kwa miaka 250, na sababu ni gesi za shughuli za binadamu. Takwimu zake na programu zake akaziweka wazi, atakaye achome bambo.

Kabla ya hapo mmoja wa wapinzani mashuhuri wa hesabu hizi alikuwa ameahidi hadharani kuyakubali matokeo ya Muller vyovyote yatakavyotoka, hata yakimsuta. Yalipotoka akayakataa. Jina lake silitaji, maana nikijitazama mimi wa 2009 sioni nilimzidi nini.

Hapa kwetu mambo haya si ya Wazungu peke yao. Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kimbunga Hidaya, walikuwapo waliosema, tena humu msikitini, kwamba wale kila siku wanakosea. Kimbunga kikatua Mafia tarehe 4. Ndugu zetu wavuvi wanaosoma kusi na kaskazi kwa uso wa bahari nao hukosea, na hatuwaiti waongo. Ila wao tunawaona wakitazama mawingu, na tunajua wametazama nini. Mtabiri wa ofisini hatumwoni. Imani itatoka wapi?

Kijana wetu mmoja, mtoto wa humu humu, alitaka takwimu za mvua za miaka 30 kwa ajili ya tasnifu yake. Aliandika barua kwa ofisi moja, sitaitaja, akaambiwa njoo Jumatatu, kisha lete barua nyingine, kisha kuna ada. Muhula ukaisha. Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Wafanyakazi wa serikali mlio mbele yangu, na mko wengi, daftari la mvua mlilonalo kabatini ni amana, na mvua yenyewe hamkuinyesha nyinyi.

Nimalizie deni langu. Wiki iliyopita nilikwenda kwa mtoto wa yule mzee. Yuko leo, safu ya tatu. Nilimwambia baba yako aliniuliza swali mwaka 2009, sikumjibu, na jibu lake lilikuwa hapana. Akaniuliza, "Na sasa umezisoma?" Nikamwambia baadhi, kwa msaada wa binti yangu, na ripoti ya tume nimesomewa kurasa nyingi. Akasema baba yake angeuliza ni kurasa ngapi. Basi nimerudi nyumbani kuzihesabu.