Nasaba ya Bibi Chesham

Je, nasaba humfunga mtu na nchi? Swali hili ni letu hasa sisi watu wa pwani, tunaopenda kuhesabu mababu hadi Shirazi na Hadhramauti. Mimi nalitazama kutoka Chunya, mji uliokuzwa na dhahabu ya Lupa miaka ya 1930, ambako watu walikuja na sururu zao na kuyaacha makaburi ya wazee wao mbali.

Nyanda hizi za Juu Kusini zilipata kuwakilishwa na Marion, Lady Chesham. Ubaroni wa Chesham ulianza mwaka 1858 kwa Charles Compton Cavendish, ukashuka kwa wana wa kiume hadi kwa baroni wa nne, aliyehamia Tanganyika. Marion hakuwa na tone la damu hiyo. Alizaliwa Marekani, ukuu aliupata kwa ndoa, na mumewe alipofariki mwaka 1952 cheo kilimwendea mtoto wa kambo. Katika mti ule yeye ni tawi lililopandikizwa.

Mwaka 1958 aliingia Baraza la Kutunga Sheria, akiungwa mkono na TANU. Hapa ndipo penye fundo. Sheria ya wakoloni ilimlazimisha kila mpiga kura kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Basi bibi huyu alipita katika mlango wa asili, mlango ambao chama kilichomuunga mkono kiliuchukia, kikakubali kuupita ili kiubomoe. Tusimsifu, basi, kana kwamba asili haikumfaa kitu. Kiti chenyewe kilitengewa rangi yake.

Oktoba 1961, sheria ya uraia ilipojadiliwa, wako wabunge waliotaka rangi iwe kipimo. Nyerere akasema serikali yake ingejiuzulu kuliko kulikubali hilo. Marion akawa raia wa Tanganyika.

Sisemi nasaba ni upuuzi. Mchimbaji asiyejua babu yake amezikwa wapi amepungukiwa, na ushairi wetu nao ungepungukiwa bila majina ya waliotutangulia. Ninachokataa ni kuigeuza nasaba kuwa hati ya kumiliki nchi. Inaeleza mtu alikotoka. Atasimama na nani, haijui.

Nayaandika haya kwa wasomaji wa visiwani nikikumbuka kwamba Januari 1964, huko Unguja, wako waliouawa kwa sababu ya mababu zao, na wengi wao walizaliwa papo hapo.