Walidai Urithi Wakiwa Bado Hemani

Masomo: Hesabu 27:1-11, Yoshua 17:3-4



Wote mnajua jambo lililokipata kijiji chetu. Siku muhula ulipoanza, watoto wetu walikuta mlango wa shule ya msingi umefungwa kwa kufuli na karatasi imebandikwa, kwamba wahamie shule nyingine ng'ambo ya mto. Wazazi hatukuitwa, walimu hawakuambiwa mapema. Kwenda huko ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ya mtoto, na huko darasa moja lina watoto zaidi ya 100 tayari. Wiki hizi mbili wadogo wengi wamebaki nyumbani, na wasichana wengine wanatumwa maji saa za masomo.

Tumesikia sauti mbili. Vijana wanasema: twende tukafunge barabara. Wazee wengine wanasema: sisi ni wageni, mgeni hachagui, tunyamaze. Neno la Mungu linatuonyesha njia nyingine.

Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, binti za Selofehadi, walifiwa na baba yao asiyekuwa na mtoto wa kiume. Kwa desturi ya wakati ule wasingepata kitu. Lakini tazameni mahali walipokuwa. Taifa lote linaishi katika hema, Yordani haujavukwa, hakuna mtu mwenye shamba hata moja. Hata hivyo dada hawa wanauliza juu ya urithi. Hawakungoja kwanza wafike. Walijua kwamba jambo likikatwa jangwani bila wao, Kanaani watafika mikono mitupu.

Ndugu zetu, shule ni neno la namna hiyo. Mkimbizi hana shamba la kumrithisha mwanawe, na nyumba zetu za udongo tutaziacha hapa. Alichojifunza mtoto huvuka naye kila mpaka.

Tena angalieni walivyokwenda. Walikwenda wote watano pamoja. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote, wala hawakunung'unika pembeni. Walieleza sababu yao, wakaomba jambo moja, wala hawakumtukana mtu. Musa hakuwaita wakaidi. Alipeleka shauri lao kwa Bwana, naye Bwana akasema kwamba wana haki.

Kwa hiyo kuomba kwa adabu si kukosa shukrani. Tunaishukuru Uganda iliyotupokea. Sheria yake ya Wakimbizi ya 2006 inasema kwamba katika elimu ya msingi mkimbizi atendewe sawa na mwananchi, kama ulivyosema Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22. Tukikumbusha hilo hatuasi. Tunashika neno ambalo wenyeji wetu wenyewe walilitoa.

Tunajua pia kwamba mwaka 2025 misaada ilipunguzwa sana, na mashirika mengi yakapunguza kazi. Basi nasi tuchangie. Wazee wa kanisa wamekubali jengo letu litumike kwa masomo Jumatatu hadi Ijumaa. Wamama wameahidi unga wa uji. Tunaomba jambo moja: madarasa matatu ya chini yabaki hapa kijijini pamoja na walimu wao, mpaka wadogo wawe na nguvu ya kutembea mbali.

Barua iko kwa mashemasi. Mzazi asiyejua kuandika aweke dole gumba. Alhamisi, saa tatu asubuhi, tutaipeleka kwa mkuu wa makazi tukiwa na mwenyekiti wetu. Vijana, njooni, lakini njooni bila mawe.

Na tusipojibiwa? Someni Yoshua 17. Musa amekwisha kufa, nchi inagawanywa, na dada wale wanasimama tena mbele ya Eleazari na Yoshua, wakikumbusha walichoahidiwa. Hapo ndipo walipopewa. Ahadi ilitolewa jangwani, lakini iliwabidi waende mara ya pili. Nasi ikibidi tutakwenda mara ya pili.

Bwana awalinde watoto wetu njiani, na awape wakubwa wetu masikio ya kusikia. Amina.