Kati ya Iko na Ipo

Siku za giza, mwezi unapokuwa haupo, ndizo siku za kazi Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa taa haiwezi kushindana na mwezi. Jioni moja ya giza, jua likiwa limeshazama upande wa Kongo, nilikuwa ufukweni mitumbwi ikijiandaa kutoka. Mtoto wa miaka kama saba alimwuliza mzee aliyekuwa akikagua wavu wake kwa vidole, tundu kwa tundu: "Babu, leo dagaa wapo?"

Mzee hakuinua kichwa. "Wako, mjukuu wangu. Tukiwasha taa watakuwepo."

Wako, wapo. Shuleni tulifundishwa kwamba -po ni ya mahali dhahiri, panaponyooshewa kidole, -ko ni ya mahali pasipo dhahiri, na -mo ni ya ndani. Katika maongezi tunazichanganya na hakuna anayekasirika. Yule mzee hakuchanganya. Nimekaa na jibu lake muda mrefu, kwa sababu limegusa swali ambalo fizikia ya kwanta haijalimaliza tangu misingi yake ilipowekwa miaka ya 1920: kitu ambacho hakijapimwa, je, kipo, au kiko tu?

Tuanze na taa yenyewe. Zamani ilikuwa karabai ya mafuta, iliyopigwa pampu mpaka ikanguruma. Siku hizi wengi hutumia taa za umeme wa jua. Tazama moja mchana ikiwa imezimwa: utaona vidoa vya manjano vimepangwa kama punje za mahindi. Chini ya kila kidoa kuna kipande kidogo sana kinachotoa mwanga wa buluu, na ile manjano ni unga unaoigeuza sehemu ya buluu hiyo ili jicho lione weupe. Kuupata mwanga wa buluu kuliwasumbua watu kwa miongo mingi. Akasaki, Amano na Nakamura waliofanikiwa walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Na paneli inayoichaji taa hiyo hufanya kazi kwa kanuni aliyoieleza Einstein mwaka 1905: mwanga hutoa nishati yake kwa vifungu, na kila kifungu, fotoni, humpa elektroni mmoja chote au hakimpi kitu. Kwa hiyo kwanta imeshafika Kirando. Imefungwa kwa kamba kwenye mti juu ya mtumbwi.

Usiku, vijidudu vya majini hupanda kutoka vilindini kuelekea juu, na dagaa huvifuata. Taa ikiwashwa, dagaa walioenea huku na huko hukusanyika chini yake, na wavu huinuliwa. Angalia kilichotokea. Taa haikuonyesha mahali dagaa walipokuwa. Imewafanya wawe mahali ambapo hawakuwa. Anayesema "dagaa walikuwa hapa, tazama wavu" amekosea, ingawa wavu umejaa.

Mfano huu unavutia, ila unaishia mahali, na lazima niseme unapoishia. Kila dagaa, kabla ya taa, alikuwa mahali fulani katika maji. Sisi tu hatukujua. -Ko ya dagaa ni -ko ya kutojua kwetu. Elektroni anatudai zaidi ya hapo.

Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake, katika maabara ya kampuni ya Hitachi huko Japani, walirusha elektroni mmoja mmoja kupitia chombo chenye njia mbili. Kila elektroni alipofika kwenye kioo aliacha nukta moja, nzima, mahali pamoja. Nukta za mwanzo zilionekana kumwagika ovyo. Zilipofikia maelfu zikajipanga kuwa milia, kama mawimbi mawili ya ziwa yanapokutana na kuvukana. Milia hiyo haielezeki ukisema kila elektroni alipita njia moja tu na ile nyingine haikumhusu. Na ukiweka kifaa cha kumkamata ili ujue amepita wapi, utajua, na milia itatoweka.

Labda elektroni alikuwa na siri yake tangu mwanzo, na sisi ndio wajinga? John Bell, mtu wa Ireland ya Kaskazini, aligeuza swali hilo kuwa hesabu mwaka 1964. Chukua fotoni mbili pacha, zitume pande mbili, kila moja ihojiwe mbali na mwenzake. Ikiwa kila moja iliondoka nyumbani na majibu yake yote mfukoni, na hakuna habari inayosafiri kati yao kushinda kasi ya mwanga, basi kukubaliana kwa majibu yao kuna kikomo. John Clauser mwaka 1972 na Alain Aspect mwaka 1982 walipima, na kikomo kikavukwa. Wawili hao pamoja na Anton Zeilinger walipewa Nobel mwaka 2022. Wapo wanafizikia wanaomfuata David Bohm na kushikilia kwamba chembe daima ina mahali pake, nao hawajashindwa hoja. Ila hulazimika kukubali kwamba kinachofanyika hapa hugusa papo hapo chembe iliyo mbali kule. Mimi naona hiyo ni bei kubwa mno.

Basi -ko ya elektroni ni ipi? Watu wa Ufipa, uwanda ulio juu ya ziwa, wanayo nyingine. Mwezi wa Juni au Julai mtu husema: Sumbawanga kuna baridi. Hakuna anayeuliza baridi imejificha nyumba gani. Iko kote, kwa viwango tofauti, na hakuna cha kunyooshea kidole. Elektroni asiyepimwa anafanana na baridi hiyo kuliko dagaa wa vilindini. Kisha mpime: ni kama baridi yote ya uwanda wa Ufipa, kuanzia Namanyere hadi Laela, ingejikusanya mara moja kwenye ncha ya kidole cha aliyeuliza, na kwingine kote isibaki hata chembe. Hapo ndipo -ko inapogeuka -po, na jinsi inavyogeuka bado wataalamu wanabishana.

Sidai kwamba wahenga wetu waliijua kwanta. Nasema lugha yetu ina sehemu mbili za kuwekea jambo ambalo lugha nyingine hulirundika katika kitenzi kimoja. Na mtoto wa Kirando, akifika kidato cha kwanza, huambiwa aiweke kando lugha hiyo aingiapo darasa la fizikia.

Hata hivyo, swali la mwanafunzi wa kwetu laweza kufika mbali. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963, alipoona mchanganyiko wake wa maziwa ya moto ukiganda kuwa aiskrimu kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa wa moto. Alipouliza, alichekwa. Hakuliacha swali; alimpelekea Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walitangaza kwamba wameona jambo la aina hiyo katika ioni zilizonaswa: mfumo ulioanza mbali zaidi na utulivu uliufikia mapema kuliko ulioanza karibu. Wanaliita athari ya Mpemba ya kikwanta.

Mwalimu wa fizikia uliye Kirando, kabla hujaandika mlinganyo ubaoni, waulize wanafunzi wako kwa Kiswahili: taa ikiwa bado haijawashwa, dagaa wapo au wako? Waache wabishane mpaka waishiwe maneno. Kisha waulize hivyo hivyo juu ya elektroni.