Jumatano: Kutoka Mahali Pembamba

Soma Zaburi 118:5. Mtunzi wa zaburi alikuwa katika hali gani alipomwita Bwana? Bwana alimweka wapi?

Neno la Kiebrania linalotaja taabu yake hapa lina maana ya mahali pembamba. Neno letu “dhiki” lilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni wembamba vilevile. Hata “anguish,” neno la Kiingereza la uchungu wa moyo, lina mzizi wa Kilatini wenye maana hiyo hiyo. Wakazi wa Rungwe huiona picha hii kwenye Daraja la Mungu, ambapo Mto Kiwira hupita chini ya mwamba, kisha hutokea upande wa pili.

Basi, dhiki si dalili ya kukosa imani. Yesu mwenyewe alihuzunika sana Gethsemane, jina lenye maana ya shinikizo la mafuta. Hapo aliwaomba wanafunzi wakeshe pamoja naye. Nao wakalala (Mathayo 26:36-40).

Tafakari: Ni nani katika kikundi chenu amekuwa kimya siku hizi? Kabla ya kumwambia aombe zaidi, mtakeshaje pamoja naye juma hili?