Korongo Kavu Lina Mwenyewe

Wanangu wa Kibaha na wajukuu zangu wa Kisarawe, nisikilizeni tena. Najua mmeshayasikia, na mimi mwenyewe nimechoka kuyarudia. Lakini kila kiangazi naona bikoni mpya zimesimikwa bondeni, na kila masika naona watu wanaanika magodoro juani. Basi ninyamaze vipi?

Anzeni na vilima vyetu. Vilima vya Pugu, pale Kisarawe, si virefu, ila ndivyo vinavyoyagawa maji. Mvua ya mashariki hushuka na Mto Msimbazi, ikakatiza Dar es Salaam mpaka baharini penye Daraja la Selander. Ya kaskazini huingia Mto Mpiji, ambao kwa sehemu ya safari yake ndio mpaka wa Dar es Salaam na mkoa wetu wa Pwani. Na vijito vya upande wa magharibi huteremka kuutafuta Ruvu, mto uliozaliwa milima ya Uluguru, unaopita Mlandizi na kuingia baharini karibu na Bagamoyo.

Vingi kati ya vijito hivyo huwezi kuviona kwenye ramani. Vuli na masika vina maji, kiangazi vinakauka, na hapo ndipo mnapodanganyika. Dalali anakupeleka mwezi wa Septemba, anakuonyesha mchanga mweupe na majani mafupi, anakwambia ukimwaga kifusi tripu mbili mambo yamekwisha. Siku hiyo mwache aongee. Wewe chuchumaa, fukua mchanga kwa mkono. Aghalabu hufiki mbali kabla ya kukuta unyevu. Ukisubiri, maji yanajikusanya, meupe kama tui, kisha yanatulia. Mama zetu waliyateka hivyo hivyo kwa kata. Halafu inua macho. Zile taka kavu zilizonasa kwenye matawi hazikupandishwa na upepo. Zinakuonyesha maji yalipofika masika iliyopita.

Kijito cha namna hiyo kina kazi mbili. Mvua ikija, kinayapa njia maji yanayoshuka vilimani. Mvua ikikata, mchanga wake huyaachia polepole, ili mto mkubwa usinywee upesi. Lakini hakiwezi kazi hiyo peke yake. Kinategemea misitu iliyo juu yake, kama ile ya Pugu na Kazimzumbwi. Mkiimaliza miti kwa matanuri ya mkaa, maji hayazami tena, yanakimbia na udongo. Mkizoa mchanga kwa matipa, hayana pa kukaa. Kisha Aprili mnalia mafuriko na Oktoba mnalia mgao, kumbe kidonda ni kimoja.

Msiseme mzee anatisha watu. Desemba 2011 Msimbazi ulipofurika, watu zaidi ya 40 walifariki Dar es Salaam, na mwaka uliofuata Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande. Mto ule uliwafuata huko mjini, lakini chimbuko lake ni hapa kwetu. Mwishoni mwa 2022 mambo yakageuka: Ruvu ulipungua, jiji zima likaingia kwenye mgao, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji yake hutoka Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi umejengwa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, lakini mtambo hautengenezi maji. Husafisha yaliyoletwa na mto.

Nanyi wa Kisarawe msidhani hayo ni ya watu wa mjini. Tangu mwaka 2020 mji wenu unakunywa maji ya Ruvu Juu yanayosukumwa kutoka Kibamba. Anayefukia kijito kinachoulisha Ruvu anakausha bomba la nyumbani kwake.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Lakini sheria haitembei na dalali. Wanaotembea naye ni ninyi, na karatasi ya mauziano inagongwa muhuri mtaani kwenu. Mwenyekiti, uliye kijana wangu, usiugonge kwa kiwanja cha bondeni. Mwenye tipa, mchanga wa korongo uache. Mwenye shamba la mihogo, usilime mpaka ukingoni. Acha matete na miti ya asili ishike udongo.

Na wewe unayetafuta pa kujenga, najua fedha haitoshi na kiwanja cha mlimani ni ghali. Sikulaumu. Ila waulize wazee wa mtaa kabla ya kumuuliza dalali, kwani mdharau mwiba mguu huota tende. Na kama huna mzee wa kumuuliza, usilipe Septemba. Subiri Aprili, nenda mvua ikinyesha, ukakione kiwanja chako.