Nani Amlishe Nondo?

Kuna swali ambalo nimelibeba tangu masika yaliyopita, na kila ninayemuuliza hucheka kwanza. Ukipenda ua, je, una deni kwa mdudu anayelifanya ua hilo lizae? Na kama mdudu huyo ndiye anayemaliza mboga ya mtu mwingine, deni ni la nani: lako wewe unayelipenda ua, au la yule mwenye mboga?

Ua lenyewe ni okidi, ya jamii ambayo wataalamu huiita Aerangis. Iko Shighatini, Upare wa kaskazini, kwenye shina la mparachichi nyuma ya jiko la mama mkubwa. Haikuota hapo. Mruka wa zamani uliokuwa ukitia kivuli kwenye kahawa uliangushwa na upepo, na wakati vijana wanapasua kuni, mama mkubwa aliliona shada la majani manene limeng'ang'ania tawi kwa mizizi ya rangi ya majivu. Akalibandua, akalifunga kwenye mparachichi kwa kamba ya mgomba. Hakuwa na sababu yoyote ya kisayansi. Alisema tu kwamba kitu kilichokaa juu ya mti miaka yote hiyo hakistahili kuishia jikoni.

Mizizi ikashika. Kila masika hutoa maua meupe, na kila ua lina mkia mwembamba unaoning'inia nyuma yake, mrefu kuliko kidole. Mchana ukilinusa hupati kitu. Usiku harufu yake inafika mpaka kwenye mlango wa jiko.

Weupe ule, harufu ile ya usiku na mkia ule vyote ni kwa ajili ya mgeni mmoja. Mkia ni mrija, na asali ya ua imekaa ndani kabisa, chini, ambako nyuki hafiki wala kipepeo wa kawaida. Anayefika ni nondo mkubwa mwenye ulimi mrefu, anayeelea hewani mbele ya ua huku mabawa yakivuma. Mwaka 2007 Dino Martins na Steven Johnson walichapisha utafiti wao kuhusu okidi za namna hii nchini Kenya, na ndani yake kuna jambo lililonifurahisha kuliko yote: utamu wa asali hauko sawa katika mrija mzima. Juu ni maji maji, na kadiri unavyozama ndivyo sukari inavyozidi. Nondo akionja, anavutwa azidi kusukuma ulimi ndani, na akizama hadi mwisho, vifurushi vidogo vya chavua vinamganda. Anaondoka navyo hadi ua jingine.

(Niseme hapa kwamba si okidi zote zina uungwana huu. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi moja ya okidi zote duniani haziwapi wadudu chochote. Zinajifanya zina chakula, au zinajifanya ni mdudu jike, na mgeni anaondoka na chavua lakini tumbo tupu. Ya mama mkubwa inalipa.)

Basi nondo huyu ni nani? Mmoja wa wanaozuru maua ya namna hii anaitwa Agrius convolvuli. Jina hilo halina maana kwa mkulima wa Shighatini, lakini mtoto wake anamjua vizuri sana, kwa sababu kabla hajawa nondo ni yule kiwavi mnene mwenye kipembe mkiani, anayekaa kwenye viazi vitamu na kula majani usiku na mchana. Wakiwa wengi wanaweza kuacha tuta likiwa vijiti vitupu. Na majani yale si majani tu. Ni matembele, mboga ya jioni, na ikibaki, ya kesho yake mchana.

Mama mkubwa huwaokota alfajiri, anawatia kwenye kopo, anawamwagia kuku. Kuku wanawagombea. Ukimwona anavyofanya, huwezi kusema ni ukatili. Ni kazi, kama kupalilia.

Halafu kuna kile kinachofukuliwa na jembe wakati wa kuvuna. Kiwavi akishiba hushuka na kujizika ardhini, akageuka kuwa kitu cha kahawia kinachong'aa, urefu wa kidole, kisicho na miguu wala mdomo. Kina kipete kimoja kimejikunja mbele, kama mkono wa birika. Nilivyokuwa mdogo nilikiita birika. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikasoma kwamba mkono ule wa birika ndio ala ya ulimi. Ulimi utakaoingia kwenye mkia wa okidi unatengenezwa mle, gizani, ndani ya tuta la viazi la mama mkubwa, kwa majani ya mboga yake.

Nilimweleza hivyo mwaka jana, tumekaa kwenye ngazi ya jiko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, unataka niwaache wale?"

"Sijasema uwaache, mama."

"Umesema. Umezunguka tu." Akaendelea kuchambua mboga. "Ua lile haliniombi kitu. Halili, halinywi, linakaa. Hawa wanakula. Ukinipa ua linalokula matembele yangu, hilo si ua tena, ni mifugo."

Nilikuwa na jibu la haraka, nalo ni lile analofikiria kila mtu akilisikia tatizo hili kwa mara ya kwanza: basi tuifanye kazi ya nondo sisi wenyewe. Inawezekana. Unachukua kijiti chembamba, unakigusisha kwenye chavua, unaipeleka mahali pake. Vanila, ambayo nayo ni okidi, inaishi hivyo karibu kote inakolimwa. Kwao ni Meksiko na nchi za jirani. Ilipopelekwa mbali na wadudu wake ilichanua bila kuzaa, mpaka mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius alipogundua njia ya haraka ya kuichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Vanila ya Kagera na ya Uganda inazalishwa kwa mkono ule ule. Ua linafunguka siku moja tu, kwa hiyo mkulima anapita shambani asubuhi, ua kwa ua. Réunion ilitajirika. Albius aliachwa huru mwaka 1848, utumwa ulipofutwa, na akafa maskini mwaka 1880.

Habari ya Albius hutolewa kama kisa cha kipaji, na ni kisa cha kipaji kweli. Mimi huisoma pia kama habari ya gharama kuhama. Kazi aliyokuwa akiifanya mdudu kwa malipo ya asali iliangukia mgongoni mwa watu ambao hawakulipwa chochote. Na haikurudi tena kwa mdudu. Tangu hapo, vanila ya mashambani ikikosa mkono wa mtu haizai, mwaka huu na mwaka ujao na miaka yote. Nikichukua kijiti nikapanda kwenye mparachichi, nitakuwa nimeisaidia okidi moja na wakati huo huo nimesema kwamba nondo si wa lazima. Na mimi ninaishi Dar es Salaam. Masika mengine nitakuwa kazini.

Hapo ndipo swali linaponibana. Mimi ndiye ninayeipenda okidi kwa maneno: ninaipiga picha, ninasoma habari zake, ninaandika haya. Anayemiliki majani ni mama mkubwa. Kila hoja nzuri ninayoitoa kwa ajili ya nondo inalipwa kutoka kwenye sufuria yake. Nimeona mazungumzo mengi ya uhifadhi katika nchi hii yakiwa na umbo hilo hilo: mwenye kupenda yuko mbali, mwenye kulipa yuko karibu, na mwenye kupenda ndiye anayepewa kipaza sauti.

Njia iliyozoeleka ya kutoka hapo ni kumwonyesha mkulima kwamba nondo ana faida. Na faida ipo. Martins na Johnson hao hao walionyesha mwaka 2009 kwamba mapapai huko Kenya yanategemea nondo wa jamii hii kuchukua chavua kutoka mpapai dume kwenda mpapai jike, na kwamba umbali wa shamba kutoka kwenye uoto wa asili, na hali ya uoto wenyewe, vinaathiri ziara za nondo hao. Hoja nzuri, na ingetosha kama papai na matembele vingekuwa kwenye shamba moja. Shighatini ni mlimani, kwenye baridi. Wenye mapapai wako chini, tambarare. Jani linaliwa juu, tunda linavunwa chini. Tena nondo huyu ni msafiri mno: kuna wanaotoka Afrika wakafika Ulaya. Kiwavi ambaye mama mkubwa angemwacha leo anaweza kwenda kunywa asali Taita au Usambara, na aliyekuja usiku kwenye mparachichi wetu huenda alilishwa na mwanamke wa mbali ambaye hakuamka mapema siku ile. Hesabu ya faida haifungi. Ukimwambia mtu "mwache, atakulipa," unamdanganya.

Kwa hiyo sitaki kuitumia. Nadhani ni afadhali kukiri kwamba hapa kuna gharama isiyorudi, kisha tuulize inaweza kubebwa vipi bila kumwangukia mtu mmoja.

Upareni jambo hilo lilishawahi kupata jibu, ingawa halikuwa jibu la swali hili. Koo zilikuwa na misitu yao midogo ya matambiko, mipungi, na palikuwa na mishitu, misitu ya jando. Hukukata mti humo, hukuokota kuni ovyo. Baadhi ipo hadi leo, mingine imebaki jina na miti michache. Ile ardhi ingeweza kulimwa migomba. Ukoo mzima uliikosa kwa pamoja, na hakuna aliyeweza kusema "ni sehemu yangu iliyopotea," kwa sababu haikugawanywa. Hakuna aliyeilinda kwa ajili ya okidi wala kwa ajili ya wadudu. Waliilinda kwa ajili ya wazee waliokufa, na kwa kuogopa. Okidi zilipata matawi makuukuu, na nondo wakapata mahali pa kunywa.

Siwezi kuiombea hofu ile irudi. Ilikuwa na mengine ndani yake ambayo nisingependa kuishi nayo, na mama mkubwa, ambaye ni mtu wa kanisani, angenitazama vibaya. Ninachokitamani ni ule mgawanyo wa hasara. Kama kijiji kingekuwa na kipande kisicho cha mtu, chenye magugu ya jamii ya viazi yanayopanda kwenye uzio na ambayo viwavi hawa pia huyala, mama mkubwa angeendelea kuwamwagia kuku viwavi wake kwa amani, na mimi ningepaswa kuchangia kazi au fedha badala ya kuchangia maoni. Nilimwambia hilo kwa simu. Akaniuliza ninachangia lini.

Masika haya alinitumia picha iliyopigwa na mjukuu wake. Kwenye kikonyo kimoja, kati ya maua yaliyonyauka, kulikuwa na tunda moja la kijani, jembamba kama njiti ya kiberiti iliyovimba. Ndani yake zitakuwepo mbegu kwa maelfu, nyepesi kama vumbi, zisizo na akiba ya chakula. Kila moja italazimika kukutana na kuvu wa kuilisha ili iote, na karibu zote hazitakutana naye. Chini ya picha mama mkubwa alikuwa ameandika kwamba limetokea lenyewe, hakuna aliyeligusa, na kwamba viazi mwaka huu vimeliwa sana upande wa mtoni.